Ajali Haina Kinga? Neno Juu ya Pini



Kuna methali moja ambayo tungeomba ipumzishwe katika jumuiya yetu hapa Sydney, walau kwa mwaka mmoja. Methali yenyewe ni "ajali haina kinga". Tumeisikia misibani, tumeisikia baada ya magari kugongana, na mara ya mwisho tumeisikia kwenye meza ya kamati yetu wenyewe, ikitamkwa kwa upole na mzee tunayemheshimu, ili kufunga mjadala ambao hata haujafunguliwa. Mjadala huo ulikuwa juu ya pini.

Tunasema pini hii ya kubania nguo, yenye kikofia cha bati, inayouzwa kwa dazeni kwenye kadi. Msicheke. Wahenga hao hao waliotuachia methali ile ya ajali walituachia na nyingine isemayo kwamba mdharau mwiba guu huota tende, na makala haya ni juu ya mwiba uliodharauliwa.

Kisa wengi mnakijua, lakini kimesimuliwa vibaya, kwa hiyo tukieleze upya bila kutaja jina la mtu. Ilikuwa sherehe yetu ya watoto ya kufunga mwaka, katika ukumbi wa kukodi magharibi ya jiji. Joto lilikuwa lile la Desemba mnalolijua, feni zinazungusha hewa ya moto, na nyama inachomwa nje. Mama mmoja kijana alifika akiwa ameshabadilisha treni mara mbili, mkoba begani, mtoto wa miezi tisa mgongoni kwa mbeleko. Ushungi wake ulikuwa ukiteleza kila mara kwa sababu mtoto alikuwa akiuvuta. Akaomba pini kwenye meza ya mapokezi, akapewa, akaubana begani. Mtoto akaendelea kuvuta.

Hakuna aliyeona pini ikitoka. Kilichoonekana ni udenda mwingi, kilio cha ajabu, na mtoto anayekataa ziwa. Usiku ule hospitali picha ya eksirei ilionyesha pini imekaa kwenye umio, imefunguka wazi kama mkasi, ncha ikitazama juu. Kuivuta ilivyo ingekuwa kumpasua mtoto. Madaktari waliingiza mrija wenye kamera, wakaisukuma pini chini hadi tumboni, mahali penye nafasi, wakaigeuza, kisha wakaitoa ncha ikiwa inaburutwa nyuma. Mtoto alirudi nyumbani baada ya siku chache. Alhamdulillahi, na wengine wetu husema Mungu asifiwe; katika hilo hatukutofautiana.

Tulitofautiana katika lililofuata, au tuseme tulipaswa kutofautiana. Wiki mbili baadaye kamati ilikaa. Mmoja akasema wasichana wa siku hizi macho yao yako kwenye simu. Mwingine akauliza mama gani anaweka pini karibu na mdomo wa mtoto. Wa tatu akasema bibi zetu walilea watoto kumi na wawili na hawakupeleka hata mmoja hospitali kwa pini. Ndipo mzee wetu, akitaka kupoza mambo, akasema: "Jamani, ajali haina kinga." Tukahamia ajenda ya kodi ya ukumbi. Mama yule hajaonekana tena katika shughuli zetu.

Sisi tunaoandika haya tulikuwepo mezani. Tulisoma uhandisi wa mitambo India katika miaka ya 1990, na tangu tufike nchi hii tumelipwa mshahara kwa kazi moja tu: kuhakikisha kwamba vitu vilivyofungwa havifunguki vyenyewe. Tulijua pini ile ilifunguka kwa nini. Tulinyamaza. Makala haya ni deni.

Basi tuanze na pini yenyewe. Watu wa kale wa Ulaya walikuwa na bizimu za kubania majoho zenye chemchemi na kikamatio, lakini pini tunayoijua ilitoka mikononi mwa Mmarekani Walter Hunt, aliyepewa hataza namba 6,281 tarehe 10 Aprili 1849. Hunt alikuwa na deni la dola 15. Alikunja waya mmoja, akauzungusha katikati upate kurudisha nguvu kama chemchemi, akautengenezea kikamatio upande wa pili ili ncha ijifiche, kisha akauza haki zote kwa dola 400. Kwa hesabu ya waya, ni uvumbuzi wa kuheshimika. Kipande kimoja, hakina msumari, hakina kiungo cha kulegea. Lakini tuangalie alikuwa akimlinda nani. Alikuwa akikilinda kidole cha mvaaji kisichomwe na ncha. Kumlinda mtoto anayevuta nguo kwa nguvu zake zote hakukuwa sehemu ya kazi ile.

Kila mmoja wetu aliyelelewa pwani anajua tofauti ya mlango uliorudishwa na mlango uliotiwa komeo. Mlango uliorudishwa unaonekana umefungwa. Mbuzi akiusukuma anaingia. Pini ya kawaida ni mlango uliorudishwa. Mkono wake wenye ncha umekaa ndani ya kofia kwa sababu tu chemchemi inausukuma nje, ukakwama kwenye ukingo wa kofia. Hakuna komeo. Ukiubonyeza mkono ule ndani kidogo na kuupeleka pembeni kidogo, umetoka. Ndivyo tunavyoifungua kwa makusudi, na ndivyo inavyofunguka bila makusudi.

Njia ni tatu, na hazihitaji shahada. Kwanza, nguo iliyokunjwa mara nyingi hujaa katikati ya pini. Nguo hiyo ikivutwa huusukuma mkono ndani, upande ule ule unaoufungua. Ikivutwa tena kwa mshazari, mkono umeshatoka. Pili, waya mwembamba ukielemewa hupinda kama upinde. Ukipinda, ncha hurudi nyuma, na ikirudi milimita chache tu imechomoka kofiani hata kama chemchemi ni nzima. Tatu, waya wa bei rahisi huchoka. Ukishafunguliwa na kufungwa mara kadhaa, au ukishabana kitambaa kizito siku nzima, haurudi tena ulipokuwa. Hulegea kama mpira wa suruali ya zamani. Kwa macho pini ni ile ile. Nguvu iliyokuwa ikiishikilia haipo.

Sasa wekeni mambo hayo matatu begani mwa mama yule. Ushungi umekunjwa. Mtoto anavuta kwa mshazari, kutoka nyuma, tena na tena. Waya ni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Uzembe hapo uko wapi? Angekuwa amekaa pale mkaguzi wa mitambo wa serikali, na yeye ushungi wake ungefunguka.

Na hapa tuwajibu wanaotaja bibi zetu. Ni kweli bibi zetu walitubeba bila pini, na inafaa tujiulize walitumia nini. Walitumia fundo. Mbeleko hufungwa kifuani, na fundo la mbeleko lina tabia ambayo mhandisi yeyote angejivunia: mtoto akielemea, fundo hukaza. Mzigo wenyewe ndio unaofunga. Mabaharia wa majahazi wanalijua hilo kuliko sisi. Kamba inayoshika tanga haifungwi kwa fundo linalolegea upepo ukizidi. Pini ya kawaida ina tabia ya kinyume, kwani mzigo wenyewe ndio unaofungua. Kwa hiyo anayemlinganisha mama kijana na bibi yake analinganisha watu wawili waliopewa vyombo viwili tofauti, kisha anamlaumu aliyepewa kibovu. Isitoshe, watoto wa zamani waliodhurika hawapo hapa kutoa ushahidi. Tunaosimulia ni tuliopona.

Daktari mmoja wa Philadelphia, Chevalier Jackson, aliyezaliwa 1865 na kufariki 1958, aliyatumia maisha yake kutoa vitu kwenye koo na mapafu ya watu. Vitu zaidi ya 2,000 alivyokusanya vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mütter mjini humo, na miongoni mwake mna pini nyingi za aina hii. Yeye ndiye aliyewafundisha madaktari kwamba ncha iliyotangulia hutoboa na ncha inayoburutwa haitoboi. Pini ya mtoto wetu ilitolewa kwa kanuni hiyo hiyo. Lakini Jackson hakutosheka kutoa. Alipoona watoto wanaletwa wakiwa wameungua koo kwa magadi makali ya kufanyia usafi, hakuandika mashairi ya kuwalaumu mama zao. Alikwenda kuwasumbua wabunge mpaka Marekani ikatunga sheria ya mwaka 1927 iliyolazimisha makopo ya sumu hizo yaandikwe wazi. Mtu aliyewaona wahanga wengi kuliko sisi sote alihitimisha kwamba pa kuanzia ni kwenye kopo.

Mfano mwingine ni kifuniko cha chupa ya dawa, kile kinachotutoa jasho wazee: ubonyeze chini, ndipo uzungushe. Kilianzia kwa daktari wa watoto Henri Breault, wa Windsor, Kanada, mwaka 1967, baada ya kuchoka kuwatibu watoto waliokula vidonge. Siri yake ni moja, na ndiyo siri ya komeo lolote jema: vitendo viwili tofauti, vya pande mbili tofauti, ambavyo haviwezi kutokea pamoja kwa bahati. Mtoto anaweza kubonyeza. Mtoto anaweza kuzungusha. Kufanya vyote kwa mpango hawezi. Watoto walioletwa hospitali kwa sumu ya dawa walipungua sana huko, na wazazi wa Windsor hawakugeuka malaika ghafla. Kilichobadilika ni kifuniko.

Na nchi hii tunayoishi imelielewa jambo hilo, pengine kuliko zote. Katika New South Wales, mwenye bwawa la kuogelea nyumbani hatakiwi kuahidi kwamba atakumbuka kufunga lango. Sheria ya mwaka 1992 inataka lango lijirudishe lenyewe na lijitie komeo lenyewe. Baada ya watoto watatu kufariki kwa kumeza betri ndogo za duara, Australia ilikuwa ya kwanza duniani kuweka kanuni za lazima, zikaanza kutumika tarehe 22 Juni 2022: mahali pa betri pawe pamefungwa kiasi kwamba mtoto hawezi kupafungua. Hata trela lako la kubebea majani ya bustani, ndugu msomaji, haliruhusiwi kuingia barabarani likiwa limeshikwa na kiungo chake peke yake. Lazima liwe na mnyororo wa akiba. Takataka zetu zina kinga mbili. Mtoto mgongoni alikuwa na waya mmoja uliochoka.

Hivyo basi, mtu akitwambia ajali haina kinga, tunamwomba atembee mtaani kwake ahesabu. Kila lango la bwawa, kila kifuniko cha dawa, kila mnyororo wa trela ni jibu. Kila kimojawapo kiliwekwa na mtu aliyekataa kusema maneno hayo mbele ya maiti ya mtoto.

Pini inayojitia komeo inawezekana? Inawezekana, na tena ipo. Pini za nepi zenye kichwa cha plastiki kinachoteremshwa juu ya kikamatio zimekuwepo kwa miongo mingi; wengi wetu wenye watoto waliokwisha kuoa tulizitumia. Si kamili, kwani plastiki hupasuka na kichwa hulegea, lakini ni kitu kingine kabisa. Kama tungepewa sisi kuchora pini bora zaidi, tungeweka masharti manne. La kwanza, kufungua kuhitaji vitendo viwili vya pande mbili. La pili, mvuto wa nguo ukaze badala ya kulegeza, kama fundo la mbeleko. La tatu, mama aweze kuifunga kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili daima umeshika mtoto, na isikike ikilia ilipojifunga, na ionekane rangi nyekundu ikiwa bado wazi. La nne, ambalo ndilo gumu, komeo likivunjika ncha ibaki imefunikwa. Chombo cha usalama hupimwa kwa namna kinavyoharibika. Kikiwa kizima, kila chombo ni chema.

Wapo watakaosema sumaku zimeshatatua tatizo hili, kwani siku hizi ushungi hubanwa kwa sumaku mbili ndogo. Tahadhari. Mtoto akimeza sumaku mbili kali, huvutana ndani na kubana utumbo katikati hadi utoboke; Australia ilipiga marufuku sumaku ndogo zenye nguvu zinazouzwa kama vya kuchezea mwaka 2012. Na pini zile nyembamba zisizo na kofia kabisa, ambazo dada zetu huzishika kwa midomo wanapojipamba, zina historia yake: madaktari wa Misri, Uturuki na Malaysia wameandika mara nyingi juu ya wasichana waliocheka au kukohoa wakazivuta mapafuni. Kubadilisha hatari moja kwa nyingine si kinga.

Tunajua wenzetu wahandisi watatucheka. Tuko wengi katika jiji hili, wa barabara, wa umeme, wa mitambo, na kila mgeni akija kutoka nyumbani tunampeleka kupiga picha chini ya Daraja la Bandari na kumweleza habari za chuma na misumari. Tumweleze na hili: tao lote la daraja lile, lililofunguliwa tarehe 19 Machi 1932, limekalia pini nne. Kila moja ina urefu wa zaidi ya mita nne na unene unaokaribia milimita 370, lakini ni pini, na waliolijenga hawakuziona kuwa kazi ya kuachiwa bahati. Pini ya daraja tumeiita uhandisi. Pini ya ushungi tumeiita mambo ya wanawake. Tofauti hiyo haimo kwenye chuma, imo vichwani mwetu, na nusu ya dhuluma aliyofanyiwa mama yule ilitokea hapo.

Nusu ya pili ni chungu zaidi kuiandika. Tulisema alipewa pini kwenye meza ya mapokezi. Meza ilikuwa yetu. Pini zilikuwa kwenye kopo la biskuti, nasi wa kamati ndio tuliozinunua katika duka la vitu vya dola mbili, kwa ajili ya kubania karatasi za majina vifuani mwa watoto. Ndiyo, tuliwabania watoto wetu zaidi ya arobaini pini hizo siku ile, na kwa rehema ya Mungu ni moja tu iliyotufedhehesha. Baada ya kikao kile tulilichukua kopo nyumbani. Gereji, tulibana pini moja moja kwenye kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, tukavuta kwa mshazari kwa mizani ya kupimia mizigo ya safari. Hatutaki kuita hilo utafiti. Lakini nyingine zilifunguka kwa mvuto ambao mjukuu wetu anauzidi akivuta sharubu zetu.

Tulinunua kwa sababu zilikuwa rahisi. Hakuna aliyeuliza swali. Kisha zilipofunguka tukakaa kuzunguka meza ile ile na kuuliza mama yule alikuwa akitazama wapi. Methali ya ajali ilitufaa sana siku hiyo, kwa kuwa kama ajali haina kinga, basi hakuna aliyepaswa kuiweka, na kopo halina mwenyewe.

Wapo watakaosema pini yenye komeo ni ghali. Ni kweli, ni ghali mara kadhaa. Ila tulitumia fedha nyingi kuliko hizo kwa maputo. Na kwa karatasi za majina, stika zinatosha. Pini haikuhitajika tangu mwanzo. Hilo ndilo swali la kwanza la mhandisi, kabla ya kuchora lolote: kitu hiki cha hatari kinahitajika hapa? Tulilijua swali hilo kazini kila siku kwa miaka zaidi ya ishirini, na Jumamosi ile tuliliacha kwenye gari.

Tunapendekeza mambo matatu kwa mkutano mkuu ujao. Jumuiya isinunue tena pini zisizo na komeo kwa shughuli yoyote yenye watoto. Kila ajali itakayotokea katika shughuli zetu iulizwe kwanza kilichofunguka ni nini na nani alikileta, kabla ya kuuliza mama alikuwa wapi. Na wahandisi wetu, badala ya kukutana mara moja kwa mwaka kula biriani na kusimuliana vyeo, wapewe vitu vidogo vya nyumbani wavipime: malango ya ngazi, mikanda ya viti vya watoto, makabati yanayoweza kuanguka. Tuko tayari kuanza na pini, na gereji yetu iko wazi.

La nne si la mkutano. Dada yetu, tunajua unasoma jarida hili kwa sababu shemeji yako hulichukua. Pini ile ilikuwa yetu. Ulifanya alichofanya kila mama: uliomba chombo kwa watu uliowaamini, wakakupa kilichoonekana kimefungwa. Tulipaswa kukwambia hivyo wiki ile ile. Tunakuomba radhi, na tutakuja kuikariri radhi hiyo mlangoni kwako, ukituruhusu, mzee wetu akiwa mbele.